Bati la mwenye nyumba, deni la wabia

Kila masika ikichanganya ishu ni ile ile. Fremu inavuja, mzigo umelowa, mwenye nyumba hapokei simu, na wabia wawili waliokuwa wanagongeana chai mwezi wa kwanza wameanza kununiana kwa sababu mmoja anasema tusilipe kodi mpaka atengeneze, mwingine anasema tutengeneze wenyewe tutamkata baadae. Wote wana hoja. Na wote wanaweza wakajikuta wanadaiwa, tena anaekuja kulipa si lazima awe yule aliekosea. Mi naona watu wanajichanganya hapo kwa sababu wanayahesabu kama mambo mawili, la bati wanaliita la mwenye nyumba, la madeni wanaliita la wabia, wakati ukifuatilia hela inavotembea unakuta ni jambo moja.

Tuanze na bati maana hapo sheria iko wazi kuliko watu wanavodhani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, kifungu cha 88, inamwekea mwenye nyumba ahadi ambazo zinahesabika zimo kwenye mkataba wa pango hata kama hamkuziandika popote. Mojawapo ni kwamba kama umepangishwa sehemu tu ya jengo, na fremu karibu zote ziko hivo, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, pamoja na sehemu mnazotumia wote kama korido na njia za kupita, ni kazi yake kuziweka kwenye hali nzuri. Sio hisani, na sio "akipata hela atarekebisha". Kifungu kinachofuata, cha 89, kinakugeukia wewe: lipa kodi, tunza ulichopangishwa kwa kiwango cha kuridhisha, mwache aingie kukagua kwa muda muafaka, usimpe mtu mwingine fremu bila ridhaa yake. Kwa hiyo shata iliyogoma, soketi uliyoiunguza na pasi ya kubandikia kava za simu, rangi, mlango wa vioo uliouweka mwenyewe, hayo pambana nayo. Bati ni lake.

Ila kuna mitego. Wa kwanza ni ule mkataba wa kurasa mbili unaochapwa steshenari, ambao mwenye nyumba anao nakala mia na anabadilisha majina tu, ndani yake kuna mstari unasema matengenezo yote yatakuwa juu ya mpangaji. Watu wanasaini huku wanaangalia saa, fundi wa shelfu kashafika. Ukishasaini hivo umejiweka kwenye mabishano ambayo usingekuwa nayo, sasa utaanza kutafuta wakili wa kusema kwamba hayo matengenezo yalikusudiwa ya ndani tu, na mwenzio ana karatasi yenye sahihi yako. Kalamu ya dakika mbili, ukaongeza "ya ndani ya fremu", ingemaliza. Mtego wa pili ni wa waliokodi godauni zima au nyumba nzima, kile kipengele cha paa kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliekodi sehemu ya jengo, ukichukua jengo zima usikitegemee, bati lijadili kabla hujalipa.

Na wa tatu ndo wa Kariakoo hasa. Unaemlipa kodi sio mwenye nyumba. Ni mpangaji mkuu, kakodi floo nzima, kaigawa vyumba, wewe umempa kilemba na kodi ya miezi sita, alafu paa likivuja anakwambia hilo la mwenye jengo, mwenye jengo anakwambia mi sikujui. Kwenye karatasi yako mwenye wajibu ni yule uliesaini nae, yeye ndo mpangishaji wako, akamalizane na aliempangisha yeye. Lakini kama alikupangisha bila ridhaa ya juu unakuwa umesimama kwenye udongo laini sana, na unaligundua siku unayoenda kudai haki, siku ambayo ni mbaya kuliko zote kugundua.

Haya, tuseme mkataba uko sawa na bati ni la kwake. Je, usilipe kodi? Hili jibu wengi hawalipendi. Kwa kawaida ya sheria tuliyoirithi, kutokutengeneza kwake hakufuti kodi yako. Yeye anakosa kwa upande wake, wewe ukigoma unakosa kwa upande wako, na kosa lako ni rahisi zaidi kuthibitisha maana lina namba: miezi kadhaa, kiasi fulani. La kwake linahitaji fundi aje aseme maji yametokea wapi. Na kwa biashara zetu mgomo wenyewe mara nyingi ni wa maneno tu kwa sababu kodi ulishalipa miezi sita au mwaka mbele, sasa unagoma kulipa nini? Ule utaratibu wa kulipa mbele, tukiacha kwamba unamaliza mtaji, unakunyang'anya kitu pekee ambacho kingemfanya mwenye nyumba apokee simu. Mi ningekuwa naanza biashara leo ningepigania kulipa kwa robo mwaka hata kama kodi inapanda kidogo.

Kuna njia ya katikati ambayo ni ya zamani mno. Uingereza kuna kesi ya mwaka 1591, Taylor v Beal, na mwaka 1971 mahakama ya huko ikaifufua kwenye Lee-Parker v Izzet: kama matengenezo ni wajibu wa mwenye nyumba, akaambiwa, akakaa kimya, mpangaji akatengeneza kwa gharama za haki, anaweza kuikata ile gharama kwenye kodi inayokuja. Tanzania tulichukua sheria ya Kiingereza ya mahakamani kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo ya 1591 unaweza ukaiegemea, ya 1971 ni ya kushawishi tu, jaji wetu hafungwi nayo. Usiende kichwa kichwa lakini. Hiyo kanuni inambeba mtu mwenye barua ya kumtaarifu mwenye nyumba, picha zenye tarehe, bei za mafundi zaidi ya mmoja na risiti ya kweli ya EFD. Haimbebi yule aliesema "tuliongea nae kwenye simu" alafu anakata milioni mbili kwa fundi asiejulikana anakaa wapi.

Kuhusu kumtaarifu, mahakama za Kiingereza zinatofautisha. Kitu kilicho ndani ya eneo ulilokodi, mwenye nyumba hana kosa mpaka aambiwe kimeharibika, maana wewe ndo unakiona. Sehemu aliyobaki nayo mwenyewe, kama paa la jengo zima, wajibu unaanza pale linapoharibika hata kama hajaambiwa. Tofauti nzuri kwenye vitabu. Huku mtaani andika tu, WhatsApp yenye picha ni mwanzo mzuri, barua yenye sahihi ya kupokelewa ni bora zaidi.

Sasa ndo tunafika kwa wabia.

Tuseme wewe na shemeji yako mna fremu ya vifaa vya umeme, kodi laki nane kwa mwezi. Mnagawana faida sabini kwa thelathini, wewe ndo wa sabini. Jina la biashara mmesajili BRELA, wale wa serikali wanaosajili makampuni na majina ya biashara, na mna cheti kimebandikwa ukutani, mnajiona kampuni. Hamko kampuni. Jina la biashara ni jina tu, nyuma yake ni nyie wawili na mali zenu, hakuna ukuta wowote kati ya deni la duka na pikipiki yako au kiwanja chako cha Chanika. Ubia wetu unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu yake nzima, na msingi wake ni kwamba kila mbia ni wakala wa mwenzake kwenye shughuli za kawaida za biashara yao.

Shemeji ni mtu wa vitendo. Maji yameingia usiku, asubuhi kaenda duka la vifaa vya ujenzi pale jirani, kachukua bati ishirini na misumari na mbao kwa mali kauli, kasaini kwa jina la duka lenu, fundi kapanda, mchana kumeisha. Umefurahi kabisa. Mwezi unaofuata muuza mabati anataka hela yake. Mwenye nyumba anasema nani aliwatuma. Shemeji anasema si bati lake, akadai kwake. Muuza mabati hilo halimhusu hata chembe, yeye hakumuuzia mwenye nyumba, kauzia duka, duka ni nyie, na kutengeneza paa ili mzigo usilowe ukimuuliza mtu yeyote ni shughuli ya kawaida ya duka. Kwa hiyo kosa la mwenye nyumba limegeuka deni la wabia ndani ya siku moja, kihalali kabisa, na ile haki ya kumkata mwenye nyumba imekuwa dhaifu kwa sababu hakuna alietaarifiwa kabla fundi hajapanda.

Na deni lenyewe, unalipa kiasi gani? Watu watasema sabini kwa thelathini. Hapo kati yenu ni sawa kama mlikubaliana hivo, lakini nje ya nyie wawili hiyo sabini na thelathini haipo. Kanuni ya Sheria ya Mikataba kwa watu walioahidi pamoja ni kwamba mdai anaweza kumbana yeyote kati yao alipe deni zima, kama hamkukubaliana nae vingine, na alielipa ndo anawageukia wenzake wamrudishie mafungu yao. Mmojawapo akiwa hana kitu, waliobaki wanabeba na pengo lake. Mwenye nyumba mwenye akili kwa hiyo hapotezi muda kumtafuta mwenye hisa kubwa, anamtafuta mwenye kitu kinachoonekana. Kama wa thelathini ndo kajenga nyumba yake Mbagala, basi yeye ndo atakaepata barua ya wakili kwanza, na kodi ya miezi sita, milioni nne na laki nane, inamsubiri yote, sio ile milioni moja na laki nne na elfu arobaini aliyopigia hesabu kichwani.

Nimeona hata watu wanaogawana fremu tu wakichanganywa hapa. Mmoja ana kona ya miamala ya simu, mwingine anauza viatu, kila mtu na daftari lake, hao sio wabia, kukaa chini ya bati moja na kuchangia kodi hakufanyi ubia, ubia ni kufanya biashara moja pamoja kwa ajili ya faida. Deni la viatu halimgusi wa miamala. Lakini kama mkataba wa pango wamesaini wote wawili kwa pamoja, kwenye kodi wako pamoja, na wa viatu akikimbia kwao, wa miamala anadaiwa fremu nzima hata kama kona yake ni mita moja na nusu. Upande mwingine unakuta mtu anaejiita "nimeweka tu hela" kumbe anachukua sehemu ya faida kila mwezi, anakuja dukani kupanga bei, wauzaji wa jumla wanamjua kama bosi. Huyo akija kusema mi sio mbia nilikopesha tu, atakuwa na kazi, kugawana faida ni dalili ya kwanza inayoangaliwa, na aliejionyesha kwa watu kama mbia wakakopesha kwa kumwamini hawezi kujivua baada ya mambo kuharibika.

Pa kukaa zaidi ni mbia anaeondoka, maana hapo ndo vilio viko vingi.

Shemeji kachoka na maji, kasema bana mi natoka, mkaandikiana mbele ya mjumbe: kuanzia leo duka ni lako, madeni yote ni yako, mi nachukua jenereta na laki tano. Karatasi nzuri, mashahidi wapo. Mwaka mmoja baadae anapigiwa simu na wakili wa mwenye nyumba. Anatoa karatasi yake. Wakili anamwambia hongera, ila mteja wangu hajasaini hiyo.

Na wakili yuko sahihi. Yale makubaliano ni kati yenu wawili, yanampa shemeji haki ya kukudai wewe umrudishie akilipishwa, lakini hayamwondolei mwenye nyumba mtu alieahidi kumlipa. Madeni ya kabla hajaondoka yanabaki yake mpaka mdai mwenyewe akubali kumwachia. Madeni ya baada ya kuondoka yanaweza kumfuata pia kwa wale ambao hawakuambiwa kwamba katoka, wale wa mali kauli waliozoea sura yake. Na pango ni baya kuliko yote kwa sababu sio deni la siku moja, ni ahadi inayozaa deni kila mwezi, kama alisaini mkataba wa miaka mitatu na akaondoka mwaka wa kwanza, ile miaka miwili iliyobaki jina lake bado limo, iwe bati linavuja au halivuji. Kinachomtoa ni mwenye nyumba kusaini, ama mkataba mpya bila jina lake, ama karatasi fupi ya watu watatu inayosema mwenye nyumba anamwachia huyu na anabaki na huyu kuanzia tarehe fulani. Wenye nyumba wengi watakataa kama kuna kodi ya nyuma, na hapo ndo lile bati lisilotengenezwa linapata thamani, maana una kitu cha kubadilishana: tunasamehe gharama za matengenezo, wewe mwachie huyu mtu. Ukienda bila ushahidi wa barua za bati huna cha kuweka mezani.

Alafu BRELA wafahamishwe mabadiliko, wauzaji wa jumla waambiwe kwa maandishi, jina litoke kwenye namba ya kupokelea malipo. Hayo ni ya haraka, watu wanayaacha kwa uvivu tu.

Kuna janga ambalo linaonyesha vizuri jinsi pango na madeni vinavoachana njia. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Sizungumzii nani alikosea pale. Nazungumzia alienusurika na duka lake limefukiwa. Kile kifungu cha 88 kinasema jengo likiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kiasi kwamba halifai kutumika, kodi inasimama, yote au sehemu yake kulingana na uharibifu, mpaka litengenezwe, na ikipita miezi sita halijatengenezwa mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mwenye nyumba anaacha kudai kodi. Nani mwingine anaacha kudai? Hakuna. Benki inaendelea, vikoba vinaendelea, kausha damu ndo usiseme, aliekupa kontena kwa mali kauli anaendelea, na wote wana haki ya kuchagua mbia yeyote. Bima ya mzigo tunaiona ni ya wazungu mpaka siku hiyo.

TRA, mamlaka ya mapato, nao wamo humu ndani, kwa kifupi. Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Kwa milioni nne na laki nane ya miezi sita ni laki nne na elfu themanini. Mwenye nyumba anasema nataka hela yangu kamili, mpangaji analipa kamili, TRA wakija wanamdai mpangaji maana yeye ndo alitakiwa azuie, na likishakuwa deni la duka limekuwa la wabia. Na mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu hauwi ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini, kwa hiyo yule aliekwepa asilimia moja anafika baraza la ardhi kudai bati na karatasi yake haipokelewi.

Nikisema haya naambiwa basi tatizo ni wafanyabiashara hawasomi. Sehemu ni kweli. Lakini kuna pengo ambalo halizibwi na kusoma. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango, ikafutwa 2005 kwa hoja za soko huria, na mpangaji wa fremu akabaki na Sheria ya Ardhi na mkataba wake. Haki ya paa anayo kwenye kifungu, ila kuipata ni kesi, na kesi ya bati inakutana na masika ya mwaka mwingine. Wenzetu Kenya wana Sura ya 301 ya sheria zao tangu 1965, ya maduka, hoteli na migahawa, na baraza maalum la kodi za majengo ya biashara, linamlinda mpangaji ambae mkataba wake hauko kwenye maandishi au hauzidi miaka mitano. Lina kasoro zake na wenye nyumba wa Nairobi wanalilalamikia kwamba linachelewesha kumtoa mpangaji sugu, wana haki ya kulalamika. Ila lina meno mahali ambapo sisi hatuna: mwenye nyumba akishindwa kufanya matengenezo yaliyo juu yake, baraza linaweza kuagiza yafanyike kwa gharama yake, na asipolipa linaelekeza mpangaji alipe kodi kwenye baraza lenyewe mpaka gharama irudi.

Angalia hiyo inafanya nini kwa wale wabia wawili. Kodi inaendelea kulipwa kwa hiyo hakuna malimbikizo ya kumfuata shemeji Mbagala. Muuza mabati analipwa kwa hiyo hakuna mali kauli ya kugombania. Na hakuna anaehitaji kujua kesi ya 1591. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya tunayo tayari, wenyeviti wapo, majengo yapo, kinachotakiwa ni kifungu kimoja cha kuyapa mamlaka hayo kwa fremu, na muda wa mwisho wa kuamua, siku 30 zinatosha kwa bati.